Umeme unavyotunga chembe za nano kama shanga

Mwalimu wa fizikia wa sekondari moja huko Morogoro ameniandikia hivi: "Nimesoma kwamba siku hizi wanasayansi wanapanga chembe za nano kwa umeme bila kuzigusa, wanapata mistari na maumbo madogo ajabu. Nikawasimulia wanafunzi wangu, wakaniuliza maswali mawili nikakwama. Kwanza, chembe isiyo na chaji umeme unaishikaje? Pili, kama ina chaji, kwa nini chembe zote zisikimbilie upande mmoja zikarundikana, badala ya kutoa mchoro? Na je, kuna namna ya kuwaonyesha jambo hili bila maabara ya mamilioni?"

Mwalimu, salamu kwako na kwa hao vijana. Maswali yao yamegonga penyewe. Nitayajibu kwa mpangilio wao, ila naomba tuanze na kitana kabla hatujafika kwenye nano, yaani chembe ndogo mno ambazo ukubwa wake hupimwa kwa sehemu za milioni za milimita.

Karibu kila mtoto amewahi kusugua kitana au rula ya plastiki kwenye nywele, akakisogeza juu ya vipande vya karatasi, vikaruka na kunata. Tukiulizwa tunasema plastiki imepata chaji, basi imevuta karatasi. Lakini karatasi haina chaji. Inavutwa kwa lipi? Tuseme kitana kimepata chaji hasi. Chaji hizo zinazisukuma chaji hasi zilizomo ndani ya karatasi zisogee kidogo kwenda upande wa mbali, na upande wa karibu unabaki na chanya. Karatasi kwa ujumla bado haina chaji, ila sasa ina ncha mbili: ncha chanya imekitazama kitana, ncha hasi imekipa kisogo. Kitana kinaivuta ya karibu na kuisukuma ya mbali. Na kwa kuwa nguvu ya umeme hupungua kadiri unavyojitenga na kitana, mvuto wa karibu unaushinda msukumo wa mbali. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoinua karatasi kutoka mezani.

Jibu la swali la kwanza limo humo lote. Eneo ambalo nguvu ya umeme inasikika tunaliita uga wa umeme. Uga ukiwa sawa kila mahali, kama ulivyo katikati ya bamba mbili pana zinazotazamana, ncha mbili za chembe zinavutwa kwa nguvu sawa, kila moja upande wake. Chembe inanyooshwa tu, haiendi popote. Uga ukiwa na mteremko, yaani una nguvu zaidi huku kuliko kule, ncha moja inashinda na chembe inasafiri. Mwendo huu ulipewa jina la dielektroforesi na Herbert Pohl mwaka 1951. Jina zito, lakini jambo lenyewe ni lile la kitana na karatasi.

Anayetaka kuchora kwa chembe, basi, anachochonga ni mteremko wa uga. Ukubwa wa volti pekee haumsaidii. Anatengeneza elektrodi (vipande vya metali vinavyoingiza umeme) zenye ncha kali, kingo, au mapengo membamba, kwa sababu uga husongamana mahali palipochongoka, na panaposongamana uga ndipo chembe zitakapojaa. Elektrodi mbili zilizochongoka zikitazamana zitakusanya chembe kwenye pengo lililo kati yao. Elektrodi zilizopangwa kama meno ya vitana viwili vilivyoingiliana zitatoa mstari baada ya mstari.

Nguvu hii ina sifa moja ambayo ningependa wanafunzi waifikirie kabla hujawapa jibu. Geuza nguzo za betri: upande uliokuwa chanya uwe hasi. Chembe itarudi ilikotoka? Hairudi. Ukigeuza uga, na ncha za ndani ya chembe zinageuka papo hapo, kwa hiyo mvuto unabaki kuelekea kulekule. Ndiyo maana wataalamu wa fani hii wanapenda umeme wa mkondo geu, ule unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde kama wa ukutani. Chembe yenye chaji ya ziada chini ya umeme wa namna hiyo inayumba huku na huko na kurudi palepale, ilhali dielektroforesi inaendelea kuivuta upande mmoja bila kukoma. Zaidi ya hayo, betri ikizidi volti 1.23 ndani ya maji huanza kuyapasua maji kuwa hidrojeni na oksijeni, na mapovu yanaharibu kila ulichokipanga. Mkondo geu wenye frikwensi ya kutosha, yaani unaogeuka mara nyingi za kutosha kwa sekunde, haupi mapovu nafasi ya kuumbika.

Hapa inabidi nimtambulishe adui, maana bila kumjua huwezi kuelewa kwa nini kazi hii ni ngumu. Adui ni joto. Chembe iliyo ndani ya maji haitulii. Molekuli za maji zinaigonga kutoka kila upande. Robert Brown aliuona mtikisiko huo kwa hadubini mwaka 1827 alipokuwa akichunguza chavua. Chukua chembe ya dhahabu yenye kipenyo cha nanomita 20 (nanomita milioni moja ndizo zinazofanya milimita moja). Kwa sekunde moja tu, joto la kawaida la chumbani linaipeperusha umbali wa takriban maikromita 7 (maikromita moja ni nanomita 1,000), zaidi ya mara 300 ya kipenyo chake. Ni kama mtu aliyesimama Kariakoo siku ya kuamkia sikukuu: hajanyanyua mguu, lakini akija kushtuka yuko mtaa mwingine.

Upande wa umeme nao, nguvu ya dielektroforesi hufuata ujazo wa chembe. Ukipunguza kipenyo kutoka maikromita 1 hadi nanomita 20, yaani mara 50, nguvu inapungua mara 50 kwa 50 kwa 50, ambazo ni mara 125,000. Hesabu hii iandike ubaoni. Ndiyo sababu chembe kubwa kiasi, kama seli za damu au hamira, zinashikika kwa urahisi, na za nano zinaponyoka.

Tunamshindaje adui huyo? Kwa kusogeza elektrodi karibu. Nimepiga hesabu kwa ile chembe ya nanomita 20 majini: ili nishati ya umeme ilingane tu na nishati ya mtikisiko wa joto, unahitaji uga wa takriban volti milioni moja kwa mita. Linatisha ukilisoma hivyo. Sasa weka elektrodi zako mbili umbali wa milimita 1: utahitaji volti kama 1,000. Zisogeze ziwe umbali wa maikromita 1: volti 1 inatosha, pungufu ya betri ndogo ya redio. Kwenye maabara tunataka ushindi wa wazi kuliko sare, kwa hiyo tunapandisha hadi volti chache, lakini ni chache kwelikweli. Udogo unaotuponza kwenye ujazo wa chembe unatuokoa kwenye upana wa pengo. Mwaka 1997 watafiti wa Delft, Uholanzi, wakiongozwa na Alexey Bezryadin na Cees Dekker, walitengeneza elektrodi zilizokaribiana kwa nanomita chache tu, wakanasa chembe moja ya metali katikati. Chembe moja. Ikishaingia inabadili uga wa pale, umeme unapita kwayo, na mtego unajifunga kabla ya pili kuwahi kuingia.

Nieleze na jambo la shanga, kwa sababu ndilo linalonivutia kuliko yote na limejificha kwenye hesabu hiyohiyo.

Chembe iliyopata ncha mbili ni yenyewe kitana kidogo. Uga ulio karibu na ncha zake umesongamana. Chembe ya pili ikipita jirani inavutwa hadi kwenye ncha ya ile ya kwanza, chanya kwa hasi, kichwa kwa mkia. Ya tatu inashika ya pili. Zinajitunga. Kila mkufu unafuata mwelekeo wa uga, na mikufu miwili inayokwenda sambamba inakwepana isipokuwa mmoja ukisogea nusu hatua mbele. Hakuna aliyechora mstari huo mapema, umejichora kutokana na chembe kuhisiana.

Mwaka 2001 Kevin Hermanson, Orlin Velev na wenzao walichapisha kwenye jarida la Science kazi ambayo mpaka leo naiona ni ya kupendeza kwa urahisi wake. Walichukua maji yenye chembe za dhahabu za nanomita 15 hadi 30, wakayaweka kati ya elektrodi zilizotengana kwa milimita kadhaa, wakawasha mkondo geu wa hezi 50 hadi 200 (hezi moja ni mzunguko mmoja kwa sekunde). Waya zikaota. Ziliota kwa kasi iliyozidi maikromita 50 kwa sekunde, zikafika urefu uliozidi milimita 5, zikapitisha umeme vizuri, na zikikuta kipande cha metali njiani zinakiunga zenyewe.

Nilirudia jaribio hilo nikiwa mwanafunzi. Tone lilikuwa jekundu kama juisi ya rozela iliyozidishiwa maji, limekaa juu ya kioo kati ya vipande viwili vyembamba vya dhahabu. Niliwasha umeme, jicho kwenye hadubini, na kwa muda sikuona kitu. Halafu kwenye ukingo wa elektrodi moja pakatokea kinywele cheusi. Kikarefuka kutoka nchani, kikatoa vijiti pembeni kama mzizi wa mhindi, kikasita, kikaendelea. Kilipogusa upande wa pili mshale wa kipimo cha mkondo uliruka, na ukuaji ukasimama hapohapo. Wekundu wa maji kandokando ya ule uzi ulikuwa umefifia, kwa sababu dhahabu iliyokuwa imesambaa majini sasa ilikuwa ndani ya waya.

Mwanafunzi makini atasema: subiri, uga wa jaribio lile ulikuwa takriban volti 250 kwa sentimita, sawa na volti 25,000 kwa mita, na umetuambia tunahitaji milioni. Amekamata. Kwa wastani, uga ule hauwezi kabisa kuishika chembe moja ya nanomita 20. Siri iko nchani. Waya unaoota ni elektrodi inayojichongoa: ncha yake nyembamba inausonganisha uga kupita kiasi pale mbele tu, na humo ndimo chembe zinamonaswa. Kila chembe inayonaswa inaisogeza ncha mbele, na ncha mpya inanasa nyingine.

Sasa swali la pili, la chembe zenye chaji.

Wanafunzi wako wana haki: ukiweka chembe zenye chaji kwenye maji na kuunga betri, zote zitaelekea elektrodi yenye chaji tofauti na yao. Mwendo huu ni elektroforesi, na viwandani unatumika hivyohivyo bila mchoro wowote. Bodi ya gari huzamishwa kwenye birika la rangi, umeme ukawashwa, na chembe za rangi zikaenda kutanda juu ya chuma chote mpaka kwenye pembe ambazo brashi haifiki. Huko kurundikana ndiko kunakotakiwa. Anayetaka mchoro anazifungia chembe milango na kuacha wazi ile anayoitaka. Anapaka plastiki nyembamba juu ya elektrodi, anatoboa mashimo au mifereji ya nano kwa miale ya elektroni, kisha anazamisha na kuwasha umeme. Chembe zinavutwa kuelekea elektrodi nzima, lakini mahali pa kuifikia ni ndani ya mashimo tu. Akiiondoa plastiki, mchoro unabaki. Kundi la Ahmed Busnaina pale Northeastern University, Boston, limefanya kazi kwa njia hii miaka mingi, na hoja yao kubwa ni kwamba kibao chenye mifereji kinaweza kutumika tena na tena kama muhuri, hivyo gharama ya kukichonga inalipwa mara moja.

Njia nyingine ni kuchora chaji zenyewe kwanza, kisha kumwaga chembe. Hii wanafunzi wako wanaijua bila kujua kwamba wanaijua, kwa kuwa ndivyo mashine ya fotokopi inavyofanya kazi. Mwaka 1777 Georg Lichtenberg wa Göttingen, Ujerumani, aliona vumbi lililotua juu ya bamba lenye chaji likijipanga kama nyota na matawi. Tarehe 22 Oktoba 1938, kwenye chumba huko Astoria, New York, Chester Carlson aliigeuza hali hiyo kuwa nakala ya kwanza. Alichukua bamba la zinki lililopakwa salfa, akalisugua kwa kitambaa lipate chaji, akalifunika kwa kioo chenye maandishi "10-22-38 ASTORIA", akalimulika kwa taa kali. Penye mwanga chaji zilitoroka, penye kivuli cha herufi zikabaki. Akanyunyiza unga mkavu wa mmea, ukashika kwenye herufi tu.

Unga wa fotokopi leo una chembe za maikromita kadhaa. Kushuka hadi nano kunadai chaji zichorwe kwa mistari myembamba zaidi. Mwaka 2001 Heiko Jacobs na George Whitesides walionyesha namna: muhuri laini wa mpira uliopakwa dhahabu unagandamizwa juu ya utando wa plastiki unaohifadhi chaji, volti inapitishwa, na kwa muda usiofika sekunde 20 eneo la hadi sentimita mraba 1 linapata mchoro wa chaji wenye vipengele vidogo kuliko nanomita 150. Ukinyunyizia chembe juu yake, zinatua kwenye mchoro.

Huko Seoul, kundi la Mansoo Choi lilifanya vyote hivyo hewani, bila maji. Chembe zenye chaji zinaelea, na kibao chenye matundu kimepakwa ayoni (atomu au molekuli zenye chaji) za chaji ileile. Ayoni zinazizuia chembe kugusa kuta za tundu na kuzibana ziingie katikati kabisa, kwa hiyo alama inayopatikana ni ndogo kuliko tundu lenyewe. Nadhani hili ndilo wazo zuri kuliko yote kwenye fani hii, kwa sababu linavunja kanuni ya kila mchongaji kwamba patasi haichongi kitu chembamba kuliko ncha yake. Mwaka 2021 walichapisha kwenye Nature jinsi wanavyosimamisha maumbo ya metali yenye kimo, safu kwa safu, kwa kuielekeza mistari ya uga.

Nirudi kidogo kwenye frikwensi, kwani nimeitaja kama dawa ya mapovu tu, na ina kazi kubwa zaidi. Chembe inavutwa mahali pa nguvu ikiwa inagawanya chaji zake vizuri kuliko kimiminika kilichoizunguka. Ikiwa ni duni kuliko kimiminika, inafukuzwa. Fikiria mpira uliozamishwa majini. Unapanda juu kwa sababu maji, yakiwa mazito zaidi, yanadai sehemu ya chini na kuusukuma utoke, ingawa dunia inauvuta nao. Vivyo hivyo maji yanashika mahali pa uga mkali na kuitupa nje chembe ya plastiki. Sasa, nani ni bora kati ya chembe na maji hutegemea frikwensi. Tufe dogo la polistireni linavutwa kwa frikwensi za chini, kwa sababu ayoni zilizoizunguka ngozi yake zinapata muda wa kukimbia huku na huko, na frikwensi ikipanda kupita kiasi ayoni zinashindwa kufuata mwendo na tufe linafukuzwa. Kwa kuzungusha kitufe tu unabadili mvuto kuwa msukumo. Mwaka 2003 Ralph Krupke na wenzake wa Karlsruhe walitumia hila hii kwa mirija ya kaboni, ambayo kiwandani hutoka imechanganyika, mingine ikiwa na tabia ya metali na mingine ya nusupitishi, yaani inayopitisha umeme kwa shida kuliko metali. Kwa mkondo geu wa megahezi 10, ya metali ilikwenda kushika kwenye elektrodi na ya nusupitishi ikabaki ikielea. Asilimia kama 80 ya iliyoshika ilikuwa ya metali. Kabla ya hapo kuitenganisha ilikuwa shida kubwa.

Makala nyingi huwa hazielezi jinsi kazi hii inavyokataa, na nisingependa vijana wadhani ni kuwasha swichi tu. Chumvi ndiyo mharibifu wa kwanza. Chembe za dhahabu zinaelea bila kugandana kwa sababu kila moja imevaa chaji hasi na zinasukumana. Ayoni za chumvi zinaifunika chaji hiyo. Kwenye maji yenye chumvi ya milimoli 1 kwa lita, chaji ya chembe inasikika umbali wa nanomita 10 hivi. Kwenye maji yaliyokolea kama ya damu, haifiki hata nanomita 1. Chembe zinakaribiana, zinagusana, zinaganda. Niliwahi kusuuza kichupa kwa maji ya bomba kwa haraka zangu, nikamimina dhahabu yangu humo. Wekundu uligeuka zambarau mbele ya macho yangu, ukawa bluu, na baada ya saa chache kulikuwa na masizi meusi chini na maji meupe juu. Wiki nzima ya kuandaa ikawa imekwisha. Rangi ndiyo iliyonifundisha: chembe za dhahabu zilizotengana ni nyekundu, zilizogandana huelekea bluu. Mstari mwekundu unaouona kwenye kipimo cha haraka cha malaria, ile mRDT ya zahanati, kwa kawaida ni chembe za dhahabu za aina hiihii, kwa hiyo wanafunzi wako wameshaziona.

Mharibifu wa pili ni kukausha. Umepanga vizuri, unazima umeme, tone linaanza kukauka, na ukingo wa maji unaoondoka unaburuta kila kitu kama tone la chai linavyoacha duara mezani. Wengine huwacha umeme ukiwaka wakati wa kukausha, wengine hubadilisha maji kwa spiriti hatua kwa hatua. Na kuna mikondo ya maji yenyewe, inayoamshwa na umeme juu ya elektrodi, hasa kwenye kilohezi za chini. Mara nyingine inasaidia kuzileta chembe karibu, mara nyingine inazifagia. Kila maabara ina mapishi yake hapa.

Utasikia watu wakisema njia hizi zitaondoa viwanda vya chipu. Sikubaliani. Chipu ya simu ina transista mabilioni na karibu zote lazima ziwe mahali pake. Chembe zinazoongozwa na umeme huku joto likizipeperusha zitakosea hapa na pale: pengo moja litabaki tupu, jingine litapata mbili. Penye manufaa ya kweli ni pale ambapo kosa moja kati ya elfu haliui kazi, kama vihisio vya gesi na vya magonjwa, ambapo mstari wenye chembe maelfu unafanya kazi hata ukikosa kumi. Hapo gharama ndogo na uwezo wa kufanya kazi kwenye joto la chumbani bila tanuri vina maana kubwa kwa nchi ambazo hazitajenga kiwanda cha chipu karibuni.

Maonyesho ya darasani, basi. Dhahabu iache, na umeme wa ukutani usiuguse kabisa kwa jambo hili. Tafuta wanga laini wa mahindi, ule wa kukolezea kastadi (unga wa ugali haufai), mafuta ya kula, kijiko na puto. Changanya wanga na mafuta mpaka vitiririke kama uji mwepesi. Sugua puto kwenye nywele kavu au sweta la sufu. Mimina mchanganyiko polepole kutoka kwenye kijiko na ulete puto pembeni bila kugusa. Mchirizi utapinda kuelekea puto, na upande uliokaribiana nalo utaganda na kutoa vidole. Puto likiondoka unatiririka tena. Chembe za wanga zimejitunga mikufu kwenye uga wa puto, kwa jinsi ileile ya chembe za dhahabu, na mikufu hiyo ndiyo inayokifanya kimiminika kiwe kigumu. Willis Winslow alieleza tabia hii kwenye miaka ya 1940.

Chagua siku kavu. Kwenye unyevu wa masika chaji inakimbia kutoka kwenye puto kabla hujafika mezani, na utadhani fizikia imekudanganya. Anza na mafuta matupu wanafunzi waone kwamba yanapinda kidogo sana au hayapindi kabisa, kisha ongeza wanga kijiko kimoja kimoja na wapime kwa rula ni umbali gani kutoka kwenye puto mchirizi unaanza kupinda. Mchanganyiko ukiwa mwepesi mno mikufu haifiki upande wa pili; ukiwa mzito mno hautiririki. Mahali pazuri pako katikati, na ni bora walitafute wenyewe.